Naomba ushauri: "probably" ikae wapi kwenye "would have"?

Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu hapa Kisumu. Nimewaambia wanafunzi kielezi hufuata kitenzi kisaidizi cha kwanza: "She would probably have passed." Sawa. Lakini kwenye ukanushi kinaruka mbele, "She probably wouldn't have passed", halafu "badly" inajongea hadi ubavuni mwa kitenzi kikuu: "would have been badly hurt". Mmoja wa wale wa dawati la nyuma (ndio huuliza maswali magumu) anataka kanuni moja tu. Nyinyi huwaelezaje? Na mtu akiandika "would have probably passed" kwenye insha, mnamkata maksi? Mimi simkati, ila mwenzangu wa idara hataki hata kusikia.