Jirani Mtanzania haniongeleshi tangu msiba wa Magufuli. Nifanyeje?

Mama wa Umoja (mwenye uzi)
Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili 2021

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, maana jambo hili linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Naishi Umoja, Nairobi, ploti ya nyumba kumi na mbili na bomba moja la maji. Mlango unaotazamana na wangu ni wa mama mmoja kutoka Mwanza, anauza omena Gikomba, mwenyewe huita dagaa. Miaka sita tumekuwa kama ndugu. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, yeye ndiye aliyenikanda na kunipikia uji.

Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi, ploti nzima ilimlilia. Bendera zetu zilikuwa nusu mlingoti, na Jumatatu ya tarehe 22 mmoja wetu akatoa televisheni uani tukatazama ibada ya Dodoma. Rais wetu Uhuru Kenyatta aliponyamaza katikati ya hotuba kupisha adhana, watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Kisha yakaanza. "Huyo ndiye rais." "Mungu angetuazima hata mwaka mmoja." Vijana ambao hawajawahi kuvuka Namanga wanamsifu kama mtume. Nyingine ni sifa za kweli. Alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015 akashika ufagio, na watoto wakasoma sekondari bila ada. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba mpinzani wake Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma mwaka 2017 akaletwa usiku huo huo kutibiwa papa hapa Nairobi. Nikauliza kwa sauti: "Na Azory Gwanda, yeye analiliwa na nani?" Ni yule mwandishi wa habari aliyetoweka Kibiti, Novemba 2017, asionekane tena. Sikuishia hapo. Nikataja wasichana waliokuwa wakifukuzwa shule kwa sababu ya mimba, na hesabu ya korona iliyosimamishwa kwenye wagonjwa 509 tangu mwaka jana. Nilisema kwa uchungu. Siku chache kabla tulikuwa tumemzika shangazi yangu kwa korona, na uso wake hatukuuona.

Jirani yangu hakujibu. Alijifunga kanga yake vizuri akaingia ndani.

Siku ya tatu akamtuma bintiye arudishe sufuria yangu. Imeoshwa, imepanguswa, tupu. Miaka sita chombo hakijarudi kitupu kati yetu. Akikosa cha kutia, hutia hata ndimu mbili.

Sasa kaunti imefungwa, kafyu ni saa mbili, hata Pasaka hatukwenda kanisani. Tunapishana bombani kama watu wasiojuana. Sitaki kukana nilichosema. Namtaka jirani yangu. Nifanyeje?

Kinyozi wa Tena
Usiombe radhi hata kidogo. Ulisema ukweli ambao televisheni zetu zilikosa ujasiri wa kuusema. Wakenya tumesahau upesi vifaranga 6,400 waliochomwa moto na serikali ya Tanzania wakiwa hai mwaka 2017 kwa kuwa walitoka kwetu? Na ng'ombe zaidi ya elfu moja wa wafugaji wetu waliopigwa mnada mwaka huo huo? Wiki nzima ya maombolezo sikuona mfugaji wa Kajiado akiulizwa anajisikiaje. Simama pale pale, dada.

Binti Kisauni
Dada, pole na msiba wa shangazi. Ila tarehe zinakusuta. Marehemu kazikwa Chato tarehe 26, wewe umenena tarehe 22. Kwetu Mombasa maiti akiwa bado juu ya ardhi, hata aliyekudai hunyamaza, husubiri azikwe ndipo adai haki yake. Si kwamba alimsamehe. Ukweli wako ungengoja siku nne tu, na usingeoza.

Kinyozi wa Tena
Binti Kisauni, ungengoja hadi lini? Baada ya mazishi wangesema arobaini haijaisha.

Mzee wa Makongeni
Mwanangu, nimeona misiba mingi ya wakubwa wa nje ikililiwa hapa. Gaddafi alipouawa 2011, Mugabe alipofia Singapore 2019, barazani ilikuwa sauti moja vile vile, na kila mara nilijiuliza tunamlilia nani. Wale vijana wa ploti yako hawamlilii Magufuli. Wanawalalamikia viongozi wao wenyewe, na wamepata jina la kuwachapia. Ndiyo maana hawakutaka kusikia la Azory, maana fimbo yenye ufa haichapi. Tangu 2015 vijana wetu walikuwa wakiulizana mtandaoni Magufuli angefanya nini. Hawakuwahi kuuliza Mtanzania anayeishi chini yake anaonaje.

Kwa hiyo hasira yako ilikuwa na haki, ila uliitupa kwa Wakenya ikampiga Mtanzania pekee aliyekuwapo.

Msukuma wa South B
Nimesoma mara mbili. Mimi ni Mtanzania, Oktoba sikumpigia kura, na usiku ule Mama Samia alipotangaza nililia hadi mke wangu akashangaa. Siwezi kukueleza vizuri. Mtu anaweza kukuumiza na bado akawa wa nyumbani kwenu.

La Azory tunalijua kuliko mnavyodhani, mama. Tumezoea kulisema chini chini, na kuna sababu. Wewe ulimtaka jirani yako alijibu mbele ya nyumba kumi na mbili, kana kwamba yeye ndiye serikali. Kumbuka pia anauza wapi. Mwaka 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alisimama akatishia kuwatoa Watanzania sokoni kwa nguvu. Mtu aliyepita hapo akiona Wakenya wanaisifu nchi yake, hata kwa sababu zisizo sahihi, anapata pumzi kidogo. Ukamkatia pumzi hiyo.

Na nikuulize, umewahi kujua kama ana mtu Dar? Tarehe 21 watu 45 walikufa kwa kukanyagana Uwanja wa Uhuru wakienda kumuaga. Kesho yake ndiyo mlikuwa mbele ya televisheni.

Mama wa Umoja (mwenye uzi)
Sikuuliza. Ana dada Temeke, na sikuuliza.

Binti Kisauni
Basi anzia hapo. Usiende na Azory wala Magufuli mdomoni. Muulize dadake.

Mzee wa Makongeni
Na usimwambie "samahani kama nilikukosea." Hiyo "kama" humrudishia yeye mzigo. Mwambie ulichokosea: ulisema mbele ya watu, wakati wa kilio. Ulichosema chenyewe kiache kilivyo. Akitaka mkizungumze, atakuja mwenyewe.

Mama wa Umoja (mwenye uzi)
Jumanne usiku.

Nilikuwa na bakuli lake la bluu, limekaa kwangu tangu Februari. Asubuhi nikapika mbaazi za nazi, nikalijaza, nikavuka ua. Nilimwuliza dada yake. Mzima. Alikwenda uwanjani akarudishwa na umati kabla ya lango, kiatu kimoja kikabaki huko. Siku tatu simu yake haikupatikana, na hizo ndizo siku nilizodhani jirani yangu ananinunia.

Nikamwambia nilivyokosea, bila "kama." Alinyamaza kidogo, kisha akasema mtoto wa kaka yake amefika kidato cha tatu kwa sababu ya yule mzee, na kwamba la yule mwandishi analijua, hakupenda kulisikia kwangu siku ile. Nikasema sawa. Hatukuongeza.

Akachukua bakuli akalifunika kwa sahani. Mlangoni akageuka: "Sufuria yako ile kubwa ipo? Naihitaji Ijumaa."

Nimempa.