Mrejesho: Hedhi imerudi baada ya kumwachisha mtoto ziwa
Nawashukuru kwa dhati mlionijibu nilipouliza kwa nini sijaona siku zangu ilhali nimeshamwachisha mwanangu ziwa. Hedhi imerudi, mara ya kwanza matone ya kahawia tu, kisha ya kawaida. Muuguzi wa kliniki alinipima ujauzito kwanza, halafu akanieleza kwamba mtoto anaponyonya mara kwa mara, homoni ya prolaktini hupanda na yai halipevuki. Jambo ambalo natamani kila mama aambiwe mapema ni kwamba yai laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo mimba hushika bila damu kuonekana. Kunyonyesha hutegemewa kama kinga ya mimba iwapo tu mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Mimi nimechagua kijiti, ile njia ya uzazi wa mpango inayowekwa chini ya ngozi ya mkono.