Lamu Mashariki tusije tukaunganishwa na Magharibi: tuandike nini kwa tume?

MwanaFaza: Assalaam aleikum wadau. IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka ya Kenya, inatakiwa kuchora upya mipaka ya maeneo bunge, mara ya mwisho ilikuwa 2012. Sensa ya 2019 haikutupata hata watu 25,000, na huku visiwani hofu ni kumezwa na Lamu Magharibi. Wazee wamenituma niwaandikie maoni yao. Siku ya 3 leo nimeshika kalamu, kila nikianza naishia kulalamika. Nianzie wapi?

Wakili_Pwani: Waaleikum salaam. Anzia Kifungu cha 89 cha Katiba. Viti ni 290 tu. Gawanya Wakenya milioni 47.5 wa sensa ile, kila eneo lapata kama watu 164,000. Sehemu zenye watu wachache zaruhusiwa kupungukiwa kwa asilimia 40, yaani bado mngetakiwa kama 98,000. Mwaka 2012 mliokolewa na sharti kwamba mapitio ya kwanza yasifute eneo lolote. Sharti hilo limekwisha kazi. Kwa hivyo hesabu ya vichwa iacheni, shikeni jiografia, mawasiliano na utamaduni. Vyote vimo kwenye kifungu hichohicho.

Mkaazi Ruiru: Poleni, lakini nasi mtufikirie. Tulihesabiwa zaidi ya 370,000 na mbunge ni mmoja. Foleni ya basari (msaada wa karo) hapa ni ya kuliza. Kiti kipya chetu kitatoka wapi kama kila eneo dogo litabaki?

Nahodha Mstaafu: Ndugu wa Ruiru, haki yako siikatai. Lakini wewe foleni waifikia kwa miguu. Sisi kuna Mkanda, mkondo wa bahari tunaopita kwenda bara: maji yakipwa boti yakaa mchangani, abiria juani, watoto wanalia, mpaka maji yajae. MwanaFaza mwanangu, andika hayo. Andika nauli, saa ya kuondoka Kizingitini kisiwani na saa ya kufika Mokowe, huko bara. Ofisi ya mbunge ikihamia bara, mama atafuata sahihi moja na kulala kwa watu.

MwanaFaza: Mama yangu mdogo alilala kwa watu siku 2 kwa ajili ya fomu ya kitambulisho. Nitaanza na safari yake. Na tume ikitukatalia?

Wakili_Pwani: Mna siku 30 tangu uamuzi uchapishwe katika Gazeti Rasmi kwenda Mahakama Kuu, na kesi husikizwa ndani ya miezi 3. Ukipeleka maoni, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila huo.