Timu nzima ilazimishwe kutumia IDE moja?

Wakuu, kuna viongozi wa timu wanaotaka kila mwanaprogramu atumie IDE moja (programu ya kuandikia, kukagua na kuendesha msimbo), kwa hoja kwamba mipangilio itafanana na mgeni ataelekezwa haraka. Mimi napinga, ingawa IntelliJ IDEA yangu siiachi.

Siiachi kwa sababu ya lugha ya Java. Mradi ukiwa na klasi (mafungu ya msimbo) elfu kadhaa, kubadili jina la methodi moja, yaani kazi moja iliyo ndani ya klasi, ni kazi ya hatari. IntelliJ inajua nani anaiita na nani ameirithi, kwa kuwa imeshausoma mradi wote na kuuwekea faharasa. Ndiyo maana inakula RAM, na ndiyo maana ukifungua mradi mkubwa unasubiri.

Lakini mwenzangu wa lugha ya TypeScript anatumia VS Code, ambayo ni edita (programu ya kuandikia msimbo), na sioni anachokosa. Tangu Microsoft ilipoifungua itifaki ya LSP mwaka 2016, yaani utaratibu wa edita kuzungumza na zana za lugha, ujuzi wa lugha ya programu unakaa kwenye programu ya pembeni, na edita yoyote inaweza kuuliza. Hata edita ya Neovim inaonyesha makosa yale yale. Kwa nini nimtwishe mzigo wangu?

Kinachopaswa kuwa sawa kwa wote ni vilivyo nje ya edita: faili ya .editorconfig (yenye kanuni za mpangilio wa maandishi), zana ya kupanga msimbo, majaribio. Mradi usiojengeka mpaka ubonyeze kitufe ndani ya IDE ya fulani ni mradi mgonjwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, usalama umeuruka. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya VS Code inaendeshwa kwa ruhusa zile zile za edita yenyewe, kwa hiyo ikiwa na nia mbaya inasoma faili na funguo zako zote. Wenye data za wateja hawawezi kumwachia kila mtu apakue anachotaka.

Mleta mada: Hilo nakubali, sikulipa uzito. Basi ziwepo orodha za plagini zilizokaguliwa, kwa kila edita inayotumika. Bado si sababu ya kubaki na moja.

Mchangiaji wa pili: Na nani atakagua orodha nne? Kwetu sisi wa Android ubishi huu haupo: Android Studio, ambayo nayo imejengwa juu ya IntelliJ, basi. Tukikaa wawili kwenye mashine moja, kila mmoja anajua njia za mkato za mwenzake. Ukinikalisha kwenye edita ya Vim ya mtu, nusu saa inapotea.

Mleta mada: Android nakuachia. Ila timu yenye Java, TypeScript na Python kwa pamoja, wewe ungeichagulia ipi?