Naomba ushauri: ukaguzi wa kodi ya mapato, risiti zimefifia

Habari zenu ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Jumatatu nimepokea barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ya ukaguzi wa kodi ya mapato, mwaka 2022 hadi 2024. Nimepewa siku 14 kupeleka kumbukumbu.

Najua sheria inataka tuzitunze miaka 5, na nimezitunza kweli, kwenye boksi la misumari. Shida ni risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) za manunuzi ya 2022: karatasi imebaki nyeupe, unaona kivuli cha namba tu. Nimewafuata wauzaji wa jumla Kariakoo. Wawili wamenipa nakala za ankara, wa tatu alishafunga duka.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni milioni 18 alizotuma kaka yangu kujenga nyumba ya mama. Ziliingia akaunti ileile ya duka, naogopa zisije zikahesabiwa mauzo.

Naomba kuuliza: manunuzi ya yule aliyefunga niyathibitishe vipi? Na hela ya kaka, meseji zetu na risiti za saruji na mabati zinatosha, au aandike kiapo kwa wakili? Zimebaki siku 9.