Zawadi ya Mama na Bibi (Mama asiongezwe humu!)

Hamisi: Asalaam aleykum wote. Mjomba shikamoo. Siku ya Mama ni Jumapili ya pili ya Mei, safari hii tujipange mapema. Wazo langu kila mmoja atoe elfu 40, tuwanunulie mama na bibi kitu cha teknolojia kitakachowasaidia kweli. Doti za kitenge kabatini zimejaa.

Mjomba Shabani: Marahaba baba. Tangu lini sisi tuna Siku ya Mama?

Salma: Siku usiiamini mjomba, mchango tu utoe 😂

Dullah: Simu janja, wote wawili. Mimi si niko hapa hapa Kariakoo, nitapata bei ya dukani kwetu.

Mwanaidi: Dullah wewe huishi na bibi. Vidole vyake vimekauka, kioo cha simu yangu hakimsikii kabisa. Anabonyeza, anabonyeza, mwishowe ananirudishia: "Shika dude lako."

Mjomba Shabani: Basi vile vitochi vya vitufe lakini vina WhatsApp. Niliviona.

Dullah: Vile vya mfumo wa KaiOS mjomba. WhatsApp walishajitoa huko, tangu Juni 2024 huwezi hata kuipakua upya. Anayekuambia ipo anakuuzia picha kwenye boksi.

Mjomba Shabani: Kuna kijana hapa mtaani anauza simu nusu bei...

Dullah: Mwambie abonyeze *#06#, hizo namba za IMEI, za utambulisho wa simu, zitume 15090, ukiona jibu uniambie. Umesahau Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki?

Mjomba Shabani: Sijasahau. Yangu ilizimwa 😒

Mwanaidi: Tumwache bibi na kitochi chake. Kinakaa na chaji, tochi kinayo, vitufe anavijua kwa kupapasa. Kinachomtesa ni redio. Kile kirungu cha kutafutia stesheni kilishadondoka, kimebaki kichuma tupu, anakizungusha kwa koleo. Halafu kila asubuhi anaanika mawe ya redio juani, kwenye ungo mmoja na dagaa, eti yapate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Yakilegea katikati, mtangazaji anaanza kuvuta maneno kama mlevi, na bibi anagombana naye.

Salma: 😂😂😂 Na dagaa?!

Hamisi: Hapo kwa bibi nimeelewa. Dullah, redio nzuri ni ipi?

Dullah: Zipo za kuchaji kwa waya wa simu, zinaingia memori kadi na flashi. Ila nisikilizeni. Nyingi zina kisola kidogo mgongoni, kile msikitegemee, utaianika kutwa nzima na jioni haijajaa. Chukueni yenye betri ya kutoa, hasa BL-5C, ile ya vitochi vya Nokia vya zamani. Ikifa, hata Chanika huko huko mtaipata. Zile zilizozibwa, betri ikifa na redio imekufa.

Mwanaidi: Na iwe ya kuzungusha! Zile za kubonyeza stesheni zikaruka zenyewe atazitupa.

Dullah: Zipo da Mwana, ila za kuchagua. Huku nimeulizia, zinaanzia elfu 30. Kadi ya GB 8 inamtosha kabisa. Msije mkarubuniwa na GB 256 ya elfu 5 pale barabarani. Ukiichomeka inasoma 256 kweli, lakini ndani ni ndogo, ukijaza kupita uwezo wake mafaili yanaharibika.

Mjomba Shabani: Kadi niachieni mimi. Mama yangu namjua: Kurani, mawaidha, na taarabu za zamani. Taarabu tuziweke folda ya mwisho.

Mwanaidi: Atazifikia hizo hizo kwanza 😄

Hamisi: Mama je?

Salma: Mama atasema anataka simu mpya, lakini ile haijachoka, imejaa. Kikoba, kamati mbili za harusi, na kila alfajiri maua ya "asubuhi njema" kutoka kwa mtu tunayemjua humu.

Mjomba Shabani: Kuwatakia watu heri ni kosa?

Salma: Si kosa mjomba, ila yanajidaunilodi yenyewe. Jana nimezima hiyo kwenye mipangilio ya WhatsApp, nimefuta video, na maandishi nimeyakuza. Bure. Kumbe muda wote ule akisema simu haionyeshi, ni herufi ndogo. Kilichobaki, mfuniko wa nyuma umeanza kunyanyuka.

Dullah: Weee! Hiyo betri imevimba. Asiichaji tena, hasa usiku kitandani. Kesho niletee dukani, fundi wetu atabadilisha. Asiikandamize kuirudisha, mwambie kabisa.

Salma: Sawa. Kwa hiyo ya kununua, mimi kama nesi nasema mashine ya presha ya mama. Sasa hivi anapima siku ya kliniki tu, ameshapanda daladala mbili, ameshagombana na konda, halafu tunashangaa imepanda.

Hamisi: Nimeona za kuvaa kama saa, bei nafuu.

Salma: Za kiganjani zinayumba sana kaka. Ya mkono wa juu, ya kujijaza upepo yenyewe. Na kitambaa chake kimtoshe. Kikimbana, namba zinakuja juu kuliko ukweli, mtamtia mama hofu ya bure. Kile cha kawaida ni cha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Kabla ya kupima akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, chai iwe imepita nusu saa. Na daftari la kuandika, dokta analitaka.

Mwanaidi: Mama kukaa dakika 5 bila kuongea?

Salma: Na wakati wa kupima asiongee pia. Niombeeni.

Hamisi: Imepita. Redio ya bibi, betri na mashine ya mama. Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja Hamisi.

Dullah: Eti "ile hela itume kwenye namba hii" 😂😂 Naipeleka 15040, ile ya kuripoti matapeli!

Mjomba Shabani: Mimi nilishaifuta. Nilidhani ni tapeli.

Hamisi: Mjomba mchango.

Mjomba Shabani: Mwisho wa mwezi inshallah.

Dullah: Salma, mashine nitaangalia leo. Mkono wa mama una unene gani? Mpime asijue.

Salma: Namwambia napimia gauni.

Salma: 34. Kile kitambaa cha kawaida hakimtoshi, omba kikubwa. Na ameuliza gauni ni la rangi gani.

Hamisi: Dah. Ongezeni elfu 10 kila mmoja, kitenge kimerudi kwenye bajeti.