Kuinua Land Cruiser HZJ79 kwa milimita 50 nyumbani: ni nini hubadilika zaidi ya springi?

Mkulima wa Mang'ola aliuliza:

Ndugu zangu wanajukwaa, salamu. Nina Land Cruiser pikapu ya HZJ79 yenye injini ya 1HZ, ambayo mbele ina springi za koili na nyuma ina springi za bapa. Kazi yake kubwa ni kutoa vitunguu shambani Mang'ola na kuvipandisha hadi Karatu, na nje ya msimu hutembea karibu tupu. Wakati wa masika magari mazito huchimba mifereji kwenye udongo mweusi wa njia za mashambani, na katikati hubaki tuta ambalo hugonga chini ya gari langu, hasa kwenye difu ya nyuma, ule uvimbe wa gia ulio katikati ya ekseli. Springi za nyuma nazo zimeshalala kwa uzee.

Nimeonyeshwa seti ya springi na shokapu za kuinua gari kwa milimita 50, na muuzaji ananihakikishia kuwa ni kazi ya siku moja ambayo mtu mwenye jeki na spana anaweza kuimaliza nyumbani. Nina sakafu ya zege iliyo sawa, jeki mbili za haidroliki, spana za kutosha, na kijana wangu amesomea ufundi wa magari katika chuo cha ufundi stadi cha VETA. Naomba kufahamu kama kazi hii kweli inafaa kufanywa nyumbani, ni vitu gani vitaharibika mpangilio gari likishapanda, na kama ingekuwa busara kwenda moja kwa moja hadi milimita 100 ili nimalizane na tuta hilo.

Fundi wa Moshi alijibu:

Ndugu Mkulima, kazi hii inawezekana nyumbani, na kwa HZJ79 ni nyepesi kuliko kwa magari mengi ya siku hizi, kwa kuwa ekseli zote mbili ni za kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi ya koili ya mbele hutoka bila kubanwa kwa mashine. Hata hivyo, kabla hujatoa fedha, tulitazame kwanza lile tuta. Springi hubeba chesisi juu ya ekseli. Ukiziongezea urefu, kinachopanda ni chesisi na kila kilichofungwa humo, yaani giaboksi, tangi la mafuta, ngazi za pembeni na bodi. Difu imo ndani ya ekseli, nayo ekseli hubebwa na magurudumu, kwa hiyo ukiinua kwa milimita 50, au 100, au hata zaidi, difu itabaki umbali uleule kutoka ardhini. Kinachoipandisha difu ni tairi peke yake. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha takriban milimita 806. La 285/75R16 lina takriban milimita 834. Difu hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 14 tu, na tena tairi hilo pana halifai kwenye rimu nyembamba za chuma ambazo magari mengi ya kazi hutoka nazo. Isitoshe, kipima mwendo kitasoma pungufu: kikionyesha 80, utakuwa unakwenda karibu 83.

Sisemi kwamba springi mpya hazina faida. Springi zako zilizolala zimepoteza nafasi ya kufanya kazi, na gari likibeba mzigo ekseli hugonga vizuizi vya mpira kila shimo, jambo linalopasua chesisi polepole. Springi mpya zitakurudishia nafasi hiyo, na tumbo la gari litapita juu ya tuta hata kama difu italisugua. Lakini milimita 100 sikushauri hata kidogo, kwa sababu itakuingiza kwenye gharama za propela (fito inayopeleka nguvu kwenye difu), mikono inayoshikilia ekseli ya mbele kwenye chesisi, na usukani, huku difu yako ikiwa palepale.

Kazi yenyewe ianze kwa kupima. Weka gari kwenye zege, likiwa tupu, kisha pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, na uandike vipimo vyote vinne. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokuambia baadaye kama gari limepanda sawasawa au limeegemea upande mmoja. Siku chache kabla, pulizia mafuta ya kutoa kutu kwenye pini na nati zote za springi za nyuma, maana mahali ambapo siku hupotea ni kwenye pini zilizoshikana na bushi zake, yaani mikono midogo ya mpira ambamo pini hupita.

Anza nyuma. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na gia nayo hushikilia gari kupitia propela ya nyuma. Ukishayainua magurudumu hayo, vyote viwili havishiki tena, hasa kama habu za mbele zimewekwa huru, yaani magurudumu ya mbele hayajaunganishwa na ekseli. Kwa hiyo zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi vizito pande zote mbili. Egemeza chesisi juu ya stendi za chuma mbele kidogo ya mahali springi inaponing'inizwa, na jeki ibaki chini ya ekseli kwa ajili ya kuipandisha na kuishusha tu. Gari hili lina uzito unaopita tani mbili. Mtu asiingie chini yake likiwa limeshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Fungua shokapu, fungua bolti za U, shusha ekseli, toa pini, kisha pandisha springi mpya. Hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshikanisha bapa za springi katikati, kimekaa ndani ya tundu lake kwenye ekseli kabla ya kukaza chochote, kwa sababu kikikaa pembeni ekseli itasimama mshazari na gari litatembea upande upande. Bolti za U za zamani usizirudishe, zimeshavutika. Fanya springi moja, imalize, ndipo uende ya pili, ili ekseli isiteleze ovyo.

Mbele ni rahisi zaidi. Fungua shokapu na fito ile inayozuia ekseli isiende pembeni, ambayo wengi huiita panadi rodi, shusha ekseli taratibu huku kijana akiangalia mipira ya breki isivutike, na koili itatoka kwa mkono. Tazama ncha ya chini ya koili mpya ikae kwenye kituo chake.

Jambo ambalo wengi hulipita ni hili: pini za springi na bolti za mikono zenye bushi za mpira zisikazwe kabisa gari likiwa hewani. Ziingize, zibane kidogo, shusha gari likae kwenye magurudumu, litikise, ndipo ukaze kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari. Ukizikaza likiwa linaning'inia, mpira utakuwa umejipinda wakati wote gari linapokuwa chini na utachanika mapema.

Mhandisi wa Thika alijibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu difu, nami naongeza yale yanayohusu usukani na breki, kwa kuwa humo ndimo usalama wako ulipo. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwake kwa bolti mbilimbili, kwa hiyo chesisi ikipanda, ekseli nzima huzunguka pamoja na mikono hiyo. Chukua mkono wenye urefu wa mita moja: ukiinua ncha yake ya nyuma kwa milimita 50, ekseli huzunguka kwa karibu digrii tatu. Mstari ambao gurudumu huuzunguka wakati wa kukata kona umelazwa kidogo kuelekea nyuma, na mlalo huo ndio unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Ukiupoteza, gari litaanza kutangatanga kwenye lami, na kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo hilo si jambo la kuvumilia. Dawa yake ni bushi ambazo tundu lake haliko katikati, au mabamba ya kurudisha mlalo. Vinunue pamoja na springi, usisubiri kuona. Panadi rodi nayo itaisogeza ekseli pembeni kwa milimita chache, na usukani hautakuwa sawa hadi upimwe. Baada ya kazi, peleka gari likapimwe mpangilio wa magurudumu kabla hujabeba vitunguu.

Kwenye breki, angalia mambo mawili. Kwanza ni mipira: gari likiwa kwenye stendi na ekseli ikining'inia hadi mwisho, mipira ya breki, mpira wa kupumulia difu na nyaya zote ziwe bado zimelegea, na kwa upande wa mbele jaribu ukiwa umekata usukani hadi mwisho kushoto na kulia. La pili ni vali ya kugawa nguvu za breki kulingana na mzigo, ikiwa gari lako linayo. Ina mkono mdogo uliounganishwa na ekseli ya nyuma. Chesisi ikipanda, vali hiyo huona kana kwamba gari halina mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama umebeba tani nzima. Kuna kipande cha kuongezea urefu au nafasi ya kurekebisha, usiliache hivyohivyo.

Shokapu nazo zipimwe kabla ya kuingiza koili. Ondoa koili, pandisha ekseli kwa jeki hadi iguse kizuizi cha mpira, uone kama shokapu bado ina nafasi ya kuingia. Ikiwa imeshafika mwisho kabla ya kizuizi, itajivunja yenyewe katika korongo la kwanza.

Wa Maskati alijibu:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Oman Land Cruiser za aina hii ni nyingi, na wengi huinua gari kabla hawajajaribu kitu ambacho hakigharimu chochote, nacho ni kupunguza upepo wa tairi. Kwenye mchanga tunashuka hadi psi 15 au 18, na tairi hurefuka chini na kutambaa juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwenye tope laini pia husaidia, ingawa usishuke sana ukiwa na mzigo, na lazima uwe na pampu ya kujaza kabla ya kurudi barabarani. Gari lisilochimba halijitengenezei tuta jingine la kugonga. Na kumbuka kwamba kila milimita unayopandisha mzigo inaongeza hatari ya kupinduka kwenye mteremko wa pembeni. Pikapu iliyojazwa magunia hadi juu tayari ina uzito mwingi juu.

Mkulima wa Mang'ola aliandika:

Nawashukuru sana. Sikuwahi kuelezwa kwamba difu haipandi, na muuzaji hakuligusia. Nimeamua kubaki na milimita 50, kubadilisha tairi ndani ya ukubwa ambao rimu zangu zinaruhusu, na kununua bushi za mlalo pamoja na springi. Swali langu la mwisho: seti za nyuma ziko za mzigo wa kudumu wa kilo 300 na za kilo 500. Mimi hubeba hadi tani moja wakati wa mavuno, lakini miezi mingi gari ni tupu. Nichague ipi?

Fundi wa Moshi alijibu:

Chukua ya kilo 300. Maneno "mzigo wa kudumu" yanahusu uzito usioshuka kwenye gari, kama kava la chuma au tangi la maji, na si mzigo wa msimu. Ukifunga ngumu zaidi, gari tupu litarukaruka kwenye changarawe yenye mawimbi, magurudumu ya nyuma yataachia ardhi, na breki hazitashika vizuri. Kwa wakati wa mavuno, ongeza springi ya msaada, ile inayoanza kushika pale tu springi kuu zinapolala. Uzito wa jumla ulioandikwa na mtengenezaji haubadiliki kwa kufunga springi ngumu, kwa sababu ekseli, breki na chesisi ni zilezile. Mjulishe pia mtu wako wa bima kwa maandishi kwamba gari limeinuliwa, na urekebishe taa za mbele zisiwachome macho wanaokuja. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, rudi na spana kwenye bolti za U, kwa kuwa springi mpya hukaa na bolti hulegea. Kaza tena, na urudie kuziangalia baada ya kilomita 500.